Timu Isiyokaa Kikao ni Foleni Tu

Chukua faili la mgonjwa ambaye mgongo umemsumbua kwa miaka minne. Daktari wa mifupa ameandika kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechakaa, mgonjwa asinyanyue kitu kizito. Ukurasa unaofuata, mtaalamu wa fiziotherapia amempa mazoezi ya kunyanyua uzito. Daktari wa mishipa ya fahamu ameongeza dawa ya neva. Daktari mwingine ameifuta kwa sababu ilikuwa inamlewesha. Mwishoni kabisa yupo mwanasaikolojia, ambaye mgonjwa alipelekwa kwake baada ya wengine wote kuishiwa, naye ameandika mstari mmoja: mgonjwa anaona haaminiwi. Wote hao wamesomea kazi yao, na ukimpima kila mmoja peke yake hukuti kosa kubwa. Ila faili zima halina mahali panapoonyesha kwamba wawili kati yao waliwahi kuzungumza kuhusu mtu huyu.

Kwenye takwimu za hospitali atahesabiwa kuwa amepata tiba ya wataalamu wa fani mbalimbali. Kwangu mimi amepanga foleni tano.

Tiba ya timu kwa maumivu sugu imefika mahali ambapo kila mtu anaiunga mkono. Miongozo inaitaja, makongamano yanaisifu, vituo vinaiandika mlangoni. Sina ugomvi na tiba yenyewe. Nina ugomvi na namna tunavyohesabu. Tunahesabu wataalamu, ilhali kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, kinachomsaidia mgonjwa ni wataalamu hao kukubaliana. Na makubaliano huzaliwa kwenye kikao, kitu ambacho bima hazipendi kukilipia na ambacho watafiti nao wamekipa nafasi ndogo mno.

Tiba hii ilianza kwa kikao hasa. John Bonica, mzaliwa wa kisiwa cha Filicudi nchini Italia, alilipia masomo yake ya udaktari kwa kupigana mieleka, akabaki na maumivu ya viungo maisha yake yote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington, Marekani. Pale alikutana na askari ambao vidonda vyao vilikuwa vimepona na maumivu hayajaondoka. Sindano za ganzi, ambazo ndizo zilikuwa fani yake, zilisaidia baadhi tu. Akaanza kuwaita wenzake wa mifupa, wa mishipa ya fahamu na wa magonjwa ya akili wamjadili pamoja mgonjwa mmoja mmoja. Kitabu chake kikubwa cha tiba ya maumivu kilitoka 1953. Mwaka 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ambako wazo hilo liligeuka kliniki kamili, na mwaka 1973 akaitisha mkutano pale Issaquah ulioizaa Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, IASP.

Jumuiya hiyohiyo leo inatofautisha mambo mawili ambayo hospitali nyingi huyachanganya. Kuna tiba inayotolewa na watu wa fani tofauti, kila mmoja kwa upande wake. Halafu kuna tiba ya timu inayompima mgonjwa kwa pamoja, inayoliangalia tatizo kwa jicho moja la mwili, akili na mazingira, na yenye malengo ya pamoja. Ya kwanza unaweza kuipata kwa kuandika rufaa tano. Ya pili haipatikani bila watu kukaa chini na kubishana.

Kwa nini mtaalamu mmoja mmoja hatoshi? Maumivu ya ghafla, ya mfupa uliovunjika au jino, kwa kawaida yana chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole. Maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3, mara nyingi hayana ukarimu huo. Ronald Melzack na Patrick Wall walionyesha njia mwaka 1965 kwa nadharia yao ya lango: taarifa ya maumivu haipandi kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni kama ilivyo, bali huongezwa au kupunguzwa ndani ya uti wa mgongo, na ubongo wenyewe una sauti katika uamuzi huo. Sehemu za nadharia ile zimerekebishwa sana tangu hapo. Mwaka 1983 Clifford Woolf akaonyesha kwa wanyama kwamba baada ya jeraha mfumo wa kati wa fahamu unaweza kuwa mwepesi kupita kiasi, hadi mguso wa kawaida ukasababisha majibu ya maumivu. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 sasa una kundi la maumivu sugu yanayotambuliwa kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili ya ugonjwa mwingine uliojificha.

Hili halina maana kwamba maumivu “yako kichwani”, kauli ambayo imewaumiza wagonjwa kuliko sindano nyingi. Maana yake ni kwamba usingizi, hofu, kazi, dawa, misuli iliyolegea kwa kutotumika na maneno ya daktari vyote vinaingia kwenye mfumo uleule.

Nimetaja maneno ya daktari kwa makusudi. Rudi kwenye ile “diski imechakaa”. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji walikusanya tafiti 33 za picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na dalili za diski kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Yaani kitu anachosomewa mgonjwa kama hukumu kimo pia kwenye migongo ya watu wanaocheza mpira bila shida. Mgonjwa asipoambiwa hilo, ataanza kuulinda mgongo: hainami, hanyanyui, halali upande mmoja, anaacha kazi. Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza vizuri mzunguko huu mwaka 2000: hofu ya maumivu huzaa kukwepa, kukwepa huzaa udhaifu na huzuni, na hivyo viwili huyalisha maumivu. Sasa mtaalamu wa fiziotherapia anapokuja kusema “nyanyua”, mgonjwa anasikia ushauri wa mtu asiyejua kilichoandikwa kwenye picha yake. Atamwamini nani? Kwa kawaida, anayemtisha zaidi.

Hapo ndipo kikao kinapogeuka tiba. Daktari wa mifupa akikubali mbele ya wenzake, na kisha mbele ya mgonjwa, kwamba picha ile si sababu ya kutonyanyua, dakika tano hizo zina uzito ambao mazoezi ya miezi miwili hayawezi kuufikia yakiwa yanapingwa kimyakimya na ukurasa wa kwanza wa faili.

Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa chuo kilekile cha Washington, alilielewa hili mapema. Katika wodi aliyofanyia kazi, mambo mawili yalibadilishwa. Kwanza, dawa ilitolewa kwa saa, si kwa maumivu: kipimo kilichanganywa kwenye shira ya kunywa, mgonjwa akiwa ameelezwa mpango, na kiasi cha dawa ndani ya shira kikapunguzwa polepole. Pili, mazoezi yalikuwa na kiwango kilichopangwa. Tuseme mgonjwa anatembea hadi maumivu yamzuie, siku tatu mfululizo, na anapata dakika 12, 6 na 9. Wastani ni 9. Mtaalamu hampangii 9, anampangia 7. Siku mwili ukiwa mwepesi anatembea 7 na kuacha hata kama anaweza zaidi. Siku mbaya anatembea hizohizo 7. Wiki inayofuata 8. Shabaha ni kukata ule mtindo ambao kila mwenye maumivu sugu anaujua: siku nzuri unafanya kazi zote zilizolala, siku tatu zinazofuata huinuki kitandani.

Sasa angalia jinsi mpango huu ulivyo mwepesi kuvunjika. Anatosha muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ambaye hakuwepo kwenye kikao, mwenye huruma zake, anayesema: “Pole mama, leo umejichosha, ngoja nikupe dawa mapema, na hayo matembezi ya kesho achana nayo.” Hajafanya ukatili wowote. Amefuta tu wiki mbili za kazi. Ndiyo maana Fordyce alisisitiza kwamba kila anayemgusa mgonjwa, pamoja na familia, awe anaufuata mpango mmoja. (Mbinu yake ya kuwafundisha wahudumu wasiitikie mgonjwa anapogumia siipendi hata kidogo, na nafurahi kwamba tiba za kisaikolojia zilizofuata ziliirudisha huruma mezani. Lakini kuhusu umoja wa timu alikuwa sahihi.) Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na katika tiba ya maumivu msemo huu ni taarifa ya kitabibu kabisa: wataalamu wanane wasiokubaliana wanaweza kumdhuru mgonjwa kuliko mmoja aliye na msimamo.

Ushahidi unasemaje? Uhakiki wa Jaime Guzmán na wenzake wa mwaka 2001, uliohusu majaribio 10 ya wagonjwa wa mgongo, ulikuta kwamba programu nzito za timu, zenye zaidi ya saa 100 za tiba, ziliboresha uwezo wa mgonjwa kufanya mambo yake. Programu nyepesi hazikuonyesha hivyo. Uhakiki mkubwa zaidi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ukafuata mwaka 2014, majaribio 41 na washiriki 6,858. Matokeo ya muda mrefu yalikuwa haya: ukilinganisha na huduma za kawaida, tiba ya timu ilipunguza maumivu kwa takriban nusu nukta kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na kwenye dodoso la ulemavu lenye nukta 24 tofauti ilikuwa nukta moja na nusu hivi.

Nusu nukta. Mtu aliyetarajia muujiza ataona tumedanganywa, na siwezi kumlaumu.

Ila zipo sababu za kutolikunja jalada hapo. Ya kwanza ni wastani wenyewe: ndani ya “nusu nukta” wamo waliorudi kazini na wamo ambao hawakuguswa, na wastani hautuambii ni akina nani. Ya pili ni kwamba katika uhakiki uleule, timu ilipolinganishwa na tiba za mwili peke yake, wagonjwa wa timu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini mwaka mmoja baadaye. Ilipolinganishwa na huduma za kawaida, tofauti hiyo haikuonekana. Matokeo ya ajabu kidogo, na yananiambia kwamba “timu” na “huduma za kawaida” ni majina yanayofunika vitu vingi sana visivyofanana. Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: tunaipima tiba inayolenga maisha kwa rula ya maumivu. Mgonjwa anayetembea kilomita mbili kwa maumivu ya 6, wakati mwaka jana alikuwa amelala kwa maumivu ya 6, kwenye jedwali anaonekana hajabadilika. Kundi la wataalamu la IMMPACT lilipendekeza tangu 2003 kwamba majaribio ya tiba za maumivu sugu yapime pia uwezo wa mwili, hali ya hisia, tathmini ya mgonjwa mwenyewe, madhara, na idadi ya wanaoacha tiba njiani. Bado ukifungua vichwa vya habari, namba inayopigiwa tarumbeta ni ile ya 0 hadi 10.

Tiba za kisaikolojia zikipimwa peke yake nazo zina hadithi hiyohiyo. Uhakiki wa Cochrane wa mwaka 2020, tafiti 75 zenye washiriki 9,401, ulikuta faida ndogo au ndogo sana. Sishangai. Kumtoa mwanasaikolojia kwenye timu na kumpima peke yake ni kumuuliza swali ambalo hakuajiriwa kulijibu.

Upande wa dawa ulipewa uvumilivu wa aina nyingine kabisa. Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya aya moja: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa walau dozi moja ya dawa za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, kesi za uraibu zilizorekodiwa vizuri kwa watu wasio na historia hiyo zilikuwa 4. Barua ile haikusema neno lolote kuhusu mtu anayemeza dawa hizo nyumbani miaka nenda rudi. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta imenukuliwa mara 608, mara nyingi kama uthibitisho kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. OxyContin, dawa ya jamii hiyohiyo ya afyuni, iliingia sokoni Marekani 1996, na kilichofuata kinajulikana: janga la uraibu na vifo. Jaribio la kulinganisha dawa hizo na dawa za kawaida kwa mwaka mzima, kwa wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na goti katika kliniki za askari wastaafu wa Marekani, lilikuja kutoka 2018. Uwezo wa kufanya shughuli haukutofautiana. Maumivu yalikuwa nafuu kidogo kwa wale ambao hawakupewa afyuni.

Katika miaka hiyohiyo vituo vingi vya timu nchini humo vilikuwa vinafungwa. Bima zilikataa kulipia programu nzima, zikakubali kulipia vipande: sindano hii, kipimo kile, vikao kadhaa vya fiziotherapia mahali pengine. Ukiikata tiba ya timu vipande, kinachodondoka kwanza ni kile kisicho na jina kwenye ankara, yaani ile saa moja ya watu sita kuzungumza bila mgonjwa kuguswa na mtu. Kwa mhasibu hiyo ni saa ya bure. Ndivyo timu zinavyogeuka foleni bila mtu yeyote kuamua zigeuke.

Uingereza nayo, kupitia NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, iliagiza Aprili 2021 kwamba wagonjwa wa maumivu sugu ambayo ni ugonjwa wenyewe wasianzishiwe afyuni, wala parasetamoli, wala dawa za kutuliza uvimbe. Wapewe mazoezi, tiba za kisaikolojia, na baadhi wajaribu akupancha au dawa za sonona. Kwa sehemu kubwa naafiki. Ila kumnyang'anya mtu kidonge ni kazi ya siku moja, na kumjengea timu ni kazi ya miaka. Pengo kati ya hayo mawili huachiwa mgonjwa.

Kuna utafiti mmoja ambao ungeweza kuivunja hoja yangu. Jaribio la RESTORE la Australia, lililochapishwa 2023 kwenye The Lancet, lilikuwa na washiriki 492 wenye maumivu sugu ya mgongo yanayowazuia shughuli zao. Hawakupewa timu. Waliopangiwa tiba mpya walipewa mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, aliyefundishwa kwa miezi kadhaa kumsaidia mgonjwa aelewe maumivu yake, arudie mienendo anayoiogopa, na apange usingizi na maisha yake. Vikao havikuzidi saba katika wiki 12, na kimoja cha kukumbushia. Kwenye dodoso lile la nukta 24, tofauti na huduma za kawaida baada ya wiki 13 ilikuwa nukta 4.6, na faida iliendelea kuonekana baada ya mwaka. Kuwafunga baadhi yao vihisi vya kufuatilia mienendo ya mwili hakukuongeza kitu cha maana, jambo litakalowakera wauza vifaa.

Mtu mmoja amewashinda wengi? Kulinganisha majaribio mawili tofauti kwa namba tupu ni hatari, kwa hiyo sitaenda mbali hivyo. Ninachokiona ni kwamba mgonjwa wa RESTORE alisikia maelezo ya aina moja kuhusu mgongo wake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mwili, hofu na kazi vilizungumziwa na mdomo mmoja. Kile ambacho timu hukitafuta kwa kikao, yeye alikipata kwa kuwa mtaalamu wake hakuwa na wa kupingana naye. Kama nimesoma sawasawa, basi hii ni habari njema sana kwa mahali popote penye wataalamu wachache. Si lazima kusubiri hadi wapatikane wanasaikolojia kumi. Pia si lazima kikao kiwe chumba kimoja: mradi wa ECHO, ulioanzishwa na Sanjeev Arora katika Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 2003 kwa ajili ya homa ya ini aina ya C, baadaye uliingia kwenye maumivu sugu, madaktari wa ngazi ya kwanza wakiwasilisha wagonjwa wao kwa njia ya video mbele ya jopo la mabingwa.

Bado wapo wagonjwa ambao mtu mmoja hatawatosha. Aliyezoea dozi kubwa ya afyuni, mwenye sonona kali, aliyefanyiwa upasuaji mara tatu na bado anaumia. Huyo anahitaji mfamasia, daktari, mwanasaikolojia na mtaalamu wa tibakazi, na anawahitaji wakiwa wanajuana.

Jaribio ninalolitaka ni la kawaida sana kwa sura. Vituo vyenye wataalamu walewale na saa zilezile za tiba vigawanywe kwa bahati nasibu. Nusu viendelee na rufaa kama kawaida. Nusu vikae kikao kila wiki, mgonjwa akiwa ndani ya chumba, na viondoke na karatasi moja ya mpango iliyosainiwa na wote, yeye akiwemo. Baada ya mwaka pima usingizi, kazi, umbali anaotembea, kiasi cha dawa, na mwulize kila mgonjwa swali ambalo madodoso huwa hayana: je, watu wanaokutibu wanasema kitu kimoja? Hakuna kampuni itakayofadhili utafiti huo, kwa sababu mwisho wake hakuna kidonge wala kifaa cha kuuza, hivyo fedha italazimika kutoka kwenye mifuko ya umma na kwa wale wa bima ambao hadi leo wanaiita ile saa moja kuwa ni ya bure.